Dakika Nne za Mzee Kristian

Watu wa Kwemzindo wakikusimulia habari za Mzee Kristian Shekivuli huanza na tabia yake ya kuomba ruhusa. Nami nitaanza hapo hapo, kwa sababu ndiyo tabia iliyomponza. Tumetenganishwa na ukuta wa mbao kwa miaka kumi na sita, na kila alipotaka kupigilia msumari upande wake alikuja kwanza kuniuliza kama kelele zitanisumbua. Msumari wake, nyundo yake, na bado aliuliza.

Mimi ni Mwanamwema, mtu wa Ngamiani, Tanga. Nililetwa huku mlimani na ndoa. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu, akanizoesha baridi ya Usambara kisha akatangulia mbele ya haki akaniacha nayo. Nina steshenari ndogo juu ya soko: natoa fotokopi, nachapa barua, napiga lamineti vyeti vya watu. Usoni wananiita Mama Zuhura, kwa jina la binti yangu, na nikigeuka wananiita yule mama mkali. Sikatai. Mtu akiniletea karatasi iliyolowa mafuta ya maandazi halafu alalamike kwamba kopi ina madoa, namwambia ukweli wake.

Upande wa pili wa ukuta ndiko kulikuwa na studio ya Kristian. Studio maana yake kitambaa cha bluu ukutani, kiti cha kukalia, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi, maana vitana viwili vya kwanza viliondoka na wateja. Alikuwa na miaka sitini na moja. Alianza na kamera ya filamu enzi za ujana wake, na kwa miaka yote hiyo hakuna kipaimara, harusi wala msiba kuanzia kwetu mpaka karibu na Soni ambao haukupita mbele ya jicho lake. Watoto aliowapiga wakibatizwa ndio hao aliowarekodi wakioa.

Lakini alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao sijauona kwingine. Akimaliza kurekodi shughuli, kabla ya kumpa aliyemwajiri, alizunguka kwanza kwa watu walioonekana vibaya. Kama mama mmoja alinaswa akilia msibani huku kilemba kimemwanguka, Kristian alipanda mpaka nyumbani kwake na kamera kwenye begi, akasubiri uani mpaka akaribishwe, akauliza habari za watoto na za mbuzi, akanywa chai, ndipo akamwonyesha na kumwuliza: hii ibaki au niitoe? Alisema picha ni ya mwenye sura, mpiga picha ameshikilia tu. Nilikuwa namtania kwamba kwa mtindo huo angekuja kufanya kazi kwenye harusi za Tanga angekufa njaa, kwa sababu harusi ya Tanga ina watu mia sita na wote wameonekana vibaya. Alicheka, kisha akaendelea kufunga kamba za viatu vyake aende kwa mama wa kilemba.

Zaidi ya hayo alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri. Nao wana utaratibu wao, ambao mimi kama Mwislamu nimeujua kwa kukaa nao. Mtu akikosa, humpeleki mbele ya watu. Unamwendea kwanza wewe na yeye, mlango umefungwa. Akikataa unarudi na wawili, akikataa tena ndipo inafika kwa wazee. Na akikubali pale mwanzoni, limekwisha, kosa limekuwa lake kulitengeneza, nawe hulishiki tena mkononi. Ni utaratibu mzuri. Naukubali kabisa kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba na wa wake wenza wa zamani. Kristian aliuchukua akaupeleka kwa askari polisi.

Ilikuwa Ijumaa, mwanzoni mwa Desemba, msimu wa plamsi, yale matunda mekundu ya huku mlimani. Kristian alikuwa anateremka kwa miguu kutoka kurekodi mazoezi ya watoto wa kipaimara. Kwenye kona chini ya soko letu askari wawili walikuwa wanasimamisha pikipiki. Wakamsimamisha Anord, mtoto wa Evodia muuza mboga, bodaboda aliyekuwa amefunga tenga la plamsi nyuma akiliwahisha Soni. Mmoja wa askari alikuwa Koplo Edward. Huyu Edward si mgeni kwetu, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika, na Kristian ndiye aliyerekodi harusi yake. Edward alichomoa ufunguo wa pikipiki. Anord akauliza kosa lake ni lipi.

Hilo tu ndilo alilofanya, aliuliza. Edward akamzaba kibao, pikipiki ikaanguka na Anord akaanguka nayo, plamsi zikatapakaa barabara nzima. Akiwa chini akapigwa mateke ya mbavu, matatu, nimeyahesabu mwenyewe baadaye kwenye kompyuta yangu. Edward alipoinama kumwinua kwa ukosi, mkono wa shati lake ulinasa kwenye kioo cha pikipiki kilichovunjika, ukachanika mpaka kiwikoni, na kioo kikamchana ngozi. Kesi yote ya Anord ilitoka kwenye mchaniko huo. Walimfungulia shitaka la kumshambulia askari akiwa kazini, kumjeruhi na kumchania sare.

Kristian alirekodi yote, dakika nne kasoro sekunde chache. Hakujificha. Alisimama ukingoni mwa barabara kama anavyosimama kanisani, kamera begani, miguu ameitanua kidogo. Askari wa pili akamwona, akamwambia azime. Kristian akamjibu kwa upole kwamba pale ni barabarani, mchana, mbele ya watu wote, na kamera haioni kitu ambacho watu waliokusanyika hawakioni. Akaendelea. Nimechapa barua nyingi za wanasheria na za watu wanaojifanya wanasheria, na sijawahi kuchapa mstari unaosema raia asipige picha kitu kinachofanywa barabarani na mtu anayelipwa kwa kodi yake. Siku ile nilijivunia kuwa jirani yake. Naliandika hilo mapema kwa sababu mbele huko sina cha kujivunia.

Saa kumi alasiri aliingia dukani kwangu. Kompyuta yake ilikuwa imekufa tangu mwaka wa jana, kwa hiyo vitu vyake vyote alivihifadhi kwenye yangu. Tukanakili, tukaangalia. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta kila kitu kilionekana: ngumi hakuna upande wa Anord, mikono yake yote miwili iko kichwani, na shati linachanwa na kioo. Mtu yeyote mwenye macho angemwachia kijana yule siku hiyo hiyo. Nikamwambia tumpelekee hakimu, au mwandishi wa habari, au tuirushe kwenye simu za watu nchi nzima iione.

Kristian akakunja miwani yake. Akasema hapana, ni lazima kwanza amwendee Edward. Nilidhani ananitania.

"Mama Zuhura, yule ni mtoto wa usharika," akasema. "Nikimtoa mbele za watu kabla sijakaa naye, nitakuwa nimemvizia."

"Na yeye alipompiga Anord mateke," nikamwuliza, "alianza kwa kumwomba ruhusa?"

Akasema ndiyo maana anataka amwendee, kwa sababu Edward hakufanya hivyo. Ukibishana na mtu wa namna hiyo unachoka wewe. Nilimgombeza kwa Kiswahili chote nilichozaliwa nacho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kumjali, akasema atakwenda kesho baada ya mazoezi ya kwaya.

Jumamosi mchana nilimwona akipita mbele ya duka langu na koti lake la kanisani, begi la kamera kifuani. Akanipungia. Nikasimama mlangoni nikimwangalia akipotea kwenye kona, na hapo ndipo hofu iliponishika. Nilijua kitakachofuata. Edward atamwuliza: umeihifadhi wapi tena? Na Kristian hajui kusema uongo. Miaka kumi na sita sijamsikia akisema hata kale kauongo kadogo ka kumwambia mteja kwamba ametoka vizuri. Ataulizwa, naye ataeleza: iko kwa Mama Zuhura, kwenye faili la kipaimara. Watakuja. Watabeba kompyuta, mashine, watafunga duka, na mimi mjane mgeni huku juu ninaye binti chuoni ambaye hana mwingine.

Nilifunga mlango kwa ndani. Nikaitafuta, nikaifuta. Kisha nikaifuta na kule zinakokwenda zilizofutwa, kwa sababu kazi yangu naijua. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Hakuna aliyekuwa amenitisha. Hakuna aliyekuwa amenigusa wala kunipigia simu. Nilifungua mlango, nikaendelea kumchapia mtu barua ya kuomba uhamisho.

Yaliyotokea kwa Edward alinisimulia Kristian mwenyewe baadaye. Alipokewa kwa heshima zote. Mke wa Edward alileta chai na viazi vya kuchemsha, kisha akatoka awaachie nafasi. Edward alitazama kwenye kioo kidogo cha kamera tangu mwanzo mpaka mwisho, akaomba arudie, akatazama tena. Kristian anasema alifuta macho. Mimi nasema jasho pia hufutwa. Edward akasema, "Nimekosa, mzee. Niachie hii nikae nayo. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wangu nikaeleze." Hakumwuliza habari za nakala hata kidogo. Kristian akachomoa memori kadi, akaiweka mezani karibu na sahani ya viazi. Mtu amekiri, na kwao mtu akikiri, ukibaki umeshikilia ushahidi dhidi yake unakuwa umemtukana. Wakaomba pamoja, akarudi nyumbani amefurahi.

Jumatatu saa nne asubuhi walikuja askari wawili, Edward akiwa mmoja wao. Nilisikia kila neno kupitia mbao.

"Shikamoo, mzee. Unahitajika kituoni."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nifunge mlango."

Akafunga, akaja kwangu kuniomba nimpelekee habari mkewe, Esteria, na nimwambie asiache kuanua mahindi kama mvua ikija. Kamera wakaibeba wao. Sijawahi kuona mtu akikamatwa kwa adabu namna ile.

Walimweka siku tatu. Nilipanda kituoni na makande ya Esteria kwenye hotipoti, nikauliza ameshitakiwa kwa nini. Wakaniambia amepiga picha askari akiwa kazini bila kibali. Nikauliza hiyo ni sheria gani, kifungu cha ngapi. Aliyekuwa kaunta akaniambia kifungu kipo. Nikamwambia nimeamini kipo, namba yake ndiyo naitaka niichape kwa herufi kubwa niibandike dukani watu wajihadhari. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani. Akasema basi jirani aache chakula aende. Makande niliyaacha.

Jumanne walikuja kupekua kwangu, si kwa sababu Kristian alisema, bali kwa sababu ukuta ni mmoja. Kijana wao mmoja alikaa kwenye kompyuta karibu saa nzima, akapita kwenye faili za kipaimara, za misiba, za harusi ya Edward mwenyewe. Hakukuta kitu. Nilisimama mikono kiunoni nikawaambia watafute vizuri, wasije wakarudi kesho kunipotezea wateja. Nilikuwa jasiri sana siku ile, maana nilikuwa sina cha kupoteza.

Kristian akatoka Alhamisi. Hawakumfungulia kesi, walimsainisha karatasi kwamba hatarekodi tena askari, na kamera ikabaki kwao kwa uchunguzi ambao haujaisha mpaka leo. Alipofika hakwenda nyumbani kwanza, alipita dukani kwangu. Alikuwa amekonda usoni na koti lina vumbi la sakafuni. Akaniinamia sikioni.

"Nimesikia walipekua wakakosa. Kumbe uliificha vizuri. Ahsante sana, Mama Zuhura."

Hapo ndipo ilipaswa niseme. Nilifungua mdomo. Lakini mtu aliyelala siku tatu kwenye saruji amesimama mbele yako anakushukuru, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, na wewe ndiye tumaini pekee alilobakiwa nalo. Nilimwambia pole na safari. Nikajiambia nitamweleza kesho akishapumzika. Kesho yake akaniletea plamsi kwenye kikapu, Esteria alikuwa amenichumia. Nikazipokea.

Evodia naye alikuwa anapita kila siku ya soko. Mwanamke mfupi, mkimya, anabeba kabichi mgongoni kwa kamba ya kichwani kama mama yake na bibi yake walivyobeba. Anasalimia kwa Kishambaa, onga mshi, kisha anakaa kwenye ngazi yangu bila kuongea. Mwanawe alikuwa mahabusu, mbavu zilikuwa zimemponea vibaya na akikohoa anashika ubavu. Siku moja aliniambia hana wasiwasi sana, kwa sababu Mzee Kristian alirekodi. Alilisema kama mtu anayesema kwamba mvua ya vuli itanyesha. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa, mwezi wa tatu, Kristian alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amefikiri. Alisema Edward ameshaapa kwamba hakupokea kadi yoyote, kwa hiyo iliyobaki ni nakala tu. Lakini nakala iko kwangu, na akinitaja mimi ndiye nitakayefuatwa, na hilo hawezi kulifanya bila mimi kukubali.

"Nikiulizwa kama ipo nakala, nitakutazama," akasema. "Ukiniitikia kwa kichwa nitakutaja. Ukiinamisha uso nitasema hakuna. Wala sitakulaumu, wewe una mtoto."

Aliniomba ruhusa, kama alivyomwomba mama wa kilemba. Nikajibu sawa. Naomba msomaji asinitafutie sababu. Nilishakula plamsi zake na shukrani zake miezi mitatu, na kila siku iliyopita ilikuwa inafanya neno lile kuwa zito zaidi ya jana. Nilijiambia huenda asiulizwe.

Mahakamani tulijaa. Edward alitoa ushahidi amevaa sare mpya, na ile iliyochanika ikaletwa ikiwa kielelezo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Aliongea vizuri, bila hasira. Anord alisimama kizimbani ameegemea upande mmoja. Kisha akaitwa Kristian, akashika Biblia, akaapa. Alieleza aliyoyaona, hatua kwa hatua, kibao, mateke, kioo cha pikipiki. Mwendesha mashtaka alimsubiri amalize, akamwuliza: wewe ni mpiga picha wa miaka karibu arobaini, unasema ulirekodi, picha iko wapi?

"Nilimwachia Koplo Edward, nyumbani kwake."

"Ulimwachia mtu unayemtuhumu ushahidi wa tuhuma yako?"

"Ndiyo. Alikuwa amekiri."

Watu walicheka. Hata wa kwetu walicheka, waliokula pilau kwenye harusi alizozirekodi. Hakimu akawanyamazisha. Hakuwa mtu mbaya yule hakimu, alionekana kutaka kweli kujua. Akainama mbele, akamwuliza Kristian polepole kama kuna nakala nyingine ya picha hizo mahali popote, kwa mtu yeyote, kwa sababu kama ipo mahakama inaweza kuahirisha shauri na kuiita.

Kristian akageuka akanitazama. Nilikuwa benchi la tatu, karibu na Evodia, bega langu limegusana na lake. Macho ya Kristian hayakuwa ya kunishurutisha hata kidogo. Alikuwa ananisubiri tu, mlango wazi, niingie au nisiingie.

Niliinamisha uso. Nikatazama kandambili zangu. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Hakuna, mheshimiwa."

Anord alipata miezi kumi na minane. Evodia hakupiga kelele. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, hiyo ni mpaka msimu gani, nikamwambia mpaka plamsi za mwaka huu zipite, na baridi ya mwakani ipite pia. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akaanza kutafuta njia ya kumpa mwanawe sweta kabla hawajamwondoa.

Baada ya hapo Kristian alifunga studio. Watu walisema ni aibu ya kuchekwa, wengine wakasema ni kwa sababu hana kamera. Nami niliamini hivyo, kwa sababu ilinifaa kuamini. Aliacha uzee wa kanisa. Akawa mtu wa shambani, kabichi na viazi, akishuka sokoni anapita upande wa pili wa barabara, ananipungia na kwenda zake. Kitambaa cha bluu bado kiko ukutani, nakiona kupitia ufa wa mbao.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza na ukungu haunyanyuki mpaka mchana, Esteria alikuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Nikamwuliza habari za mzee. Akaniambia halali vizuri. Akaniambia tangu mwezi wa tatu hajashiriki Meza ya Bwana, kila wakiinuka wengine yeye anabaki amekaa, na mchungaji akimwuliza anasema hastahili. Esteria hakujua kwa nini. Mimi nilijua pale pale, mikono yangu ikiwa juu ya mashine. Mtu yule ambaye hakujua kusema uongo aliapa kwa Biblia akasema hakuna, akiamini ipo, akaubeba uongo huo kwa ajili yangu, akajitenga na Mungu wake kwa ajili yangu.

Nikafunga duka Jumatano, nikapanda kwake. Ni mwinuko mrefu, miguu ya mtu wa pwani haijaumbwa kwa ajili yake. Nilimkuta jikoni anamenya viazi karibu na moto. Akainuka, akanipa kigoda chake, akaniuliza habari za Zuhura chuoni. Nilimkatiza. Nilijua akiendelea na salamu nitarudi na maneno yangu.

"Mzee Kristian, siku ile mahakamani nakala ilikuwa haipo. Niliifuta mimi."

Alibaki na kisu mkononi. Akaniuliza niliifuta lini, walipokuja kupekua? Nikamwambia kabla. Jumamosi ile, akiwa njiani anakwenda kwa Edward.

"Nani alikuja kukuambia ufute?"

"Hakuna aliyekuja."

Maji ya kwenye sufuria yakaanza kuchemka. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kama mguu uliovunjika unakanyagika:

"Basi sikuapa uongo."

Na uso wake ukafunguka. Nakuapia, kwa muda mfupi mzee yule alifurahi, alifurahi kweli, miezi mitatu ya mzigo ilimtoka mabegani nikaiona ikitoka. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwa kuiona furaha ile. Ningependa zaidi anitukane.

Halafu akakumbuka. Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba alikuwa akienda kwa Evodia kila juma na kumwambia avumilie, kipo kitu kwa ajili ya rufaa, asimwulize ni nini. Evodia amekwisha kumpelekea Anord habari hizo gerezani. Yeye mwenyewe alikuwa anasubiri, akasema, mpaka Zuhura amalize chuo mwezi wa saba, ndipo aje kuniuliza tena.

Akasimama, akavaa koti lake juu ya shati la kazi. Akasema Evodia saa hizi atakuwa kwenye bustani yake ya bondeni, twende tukamwambie sote wawili, afadhali alisikie kwetu.

Nikamwambia mimi siwezi. Nilimwambia nikiwa nimekaa, nikitazama moto.

Hakunisihi. Akamwita Esteria, akamwambia mgeni asiondoke bila chai, kisha akateremka peke yake kwenye ukungu. Esteria akaniletea kikombe, na kwa kuwa hakujua kitu akanikaribisha kwa mikono miwili. Nikakipokea, nikanywa.